Farasi wa Kapteni Aliondoka Akiona

Siku ya tatu baada ya Bedelia Gildea kumwosha mbwa wake jicho kwa maji ya Mtakatifu Sarnat, mbwa aliona, na Bedelia akashikwa na hofu ambayo hakuwa ameionja tangu afiwe na mumewe.

Mtu mwingine angefurahi. Toss alikuwa mbwa wa kondoo, mzee wa miaka tisa, na jicho lake la kushoto lilikuwa limefunga utando mweupe tangu mwezi wa Machi, alipochomwa na mwiba akimtoa mwanakondoo kichakani. Kutwa alikuwa analifikicha kwa mguu, na usaha haukauki. Asubuhi hiyo nzi alipita upande uleule wa kushoto. Toss akageuza kichwa, akamdaka, akammeza, akalala tena. Bedelia alikuwa mlangoni akimenya viazi. Aliweka kisu chini, akamshika mbwa taya, akamwinulia uso kwenye mwanga. Jicho lilikuwa jeusi, safi, linamtazama.

"Toba," alisema Bedelia. "Umeniua, Toss."

Hakuna mtu wa kijiji cha Kilsarnat asiyejua habari ya farasi wa Kapteni. Zamani kisima cha Sarnat hakikuwa hapa kilipo leo, chini ya mti wa barabarani. Kilikuwa juu mlimani, kwenye ardhi ambayo Kapteni Blakeney alijitwalia pamoja na ardhi nyingine yote inayoonekana kutoka pale. Kapteni alikuwa na farasi wa kuwindia aliyepofuka jicho. Akampeleka kisimani, akamwosha kwa maji ya watu. Farasi akapona palepale. Kesho yake Kapteni akaamka kipofu, kisima kikakauka, na maji yakazuka ng'ambo ya barabara. Kwa hiyo mnyama hapelekwi kwa Sarnat. Mtoto wa Kilsarnat hulijua hilo kabla hajaijua Baba Yetu, na akilisahau huzabwa kofi.

Basi Bedelia alijua. Asingeweza kusema hakujua. Alikuwa amekwenda kisimani alfajiri kumwombea mjukuu wake, kama alivyokwenda kila Ijumaa tangu barua ya Birmingham ilipofika, na Toss akamfuata kama anavyomfuata kila mahali. Alizunguka mara saba kwa kufuata jua, akadondosha kokoto moja kila mzunguko, akanywa kwa upawa. Kisha akakaa. Mbwa akamwekea kichwa magotini, jicho linachuruzika, na Bedelia alikuwa na leso yenye maji mkononi. Alisema moyoni atamfuta usaha tu. Lakini mkono ukarudi kisimani mara ya pili, na ya tatu, na mdomo nao ukasema maneno yale ya kuombea macho, yote, hadi amina. Hapo hapakuwa tena na kufuta usaha.

Alimpenda Sarnat, ndilo lililomuuma. Wako watakatifu wa kuinua macho juu na kukunja mikono, na Bedelia aliwaheshimu kama mtu anavyowaheshimu wageni wa kanisani. Sarnat alikuwa wa nyumbani. Alikuja peke yake kutoka kaskazini na ng'ombe mmoja, mwaka wa ukame, akawakuta watu wa mlimani wamevimba macho kwa moshi na njaa, hawana hata maji ya kujinawisha. Akaomba jembe. Chifu akacheka, akasema hawezi kumpa mwanamke jembe lake. Basi Sarnat akaingia jikoni kwa chifu, akatwaa upawa wa supu, akachimba kwa upawa huohuo siku tisa usiku na mchana mpaka maji yakatoka. Wafalme wawili walimposa. Sarnat akamwambia wa kwanza ana kazi, akamwambia wa pili bado ana kazi. Sanamu yake ndogo ya jiwe pale kisimani haishiki msalaba wala ua, inashika upawa. Bedelia alikuwa akiongea naye miaka yote kama anavyoongea na shangazi mkubwa, habari za mvua, za mume, za bei ya sufu. Na huyu ndiye ambaye Bedelia alikuwa amemkosea.

Kila asubuhi alisimama mbele ya kalenda ya duka iliyotundikwa jikoni, miwani usoni, akajipima macho. Aliusoma mstari wa juu, akausoma wa chini wenye herufi ndogo, akaona vizuri kabisa, na kila alipoona vizuri hofu ilimzidi. Kama adhabu haikuja kwake, inakwenda wapi?

Alijua inakokwenda. Barua ilikuwa nyuma ya saa, na hakuhitaji kuitoa. Carmel, binti yake wa pekee, alikuwa hajafika nyumbani miaka minne. Huko Birmingham aliacha hata kwenda misa, na walipoandikiana waliandikiana habari za hali ya hewa. Sasa aliandika hivi: "Mama, jicho moja la Josie linazidi kuzima, na la pili linalifuata. Watampasua Oktoba na hawaniahidi kitu. Tunakuja kwa siku ya Sarnat. Nataka azungushwe kisimani kama ulivyonizungusha mimi."

Wiki mbili kabla ya siku hiyo, kisima kikakauka.

Aliyeleta habari ni Sabina Hession, mlinzi wa kisima, kama mama yake na bibi yake kabla yake. Sabina alikuwa na miaka sabini na nne na ulimi wenye wembe. Ni yeye aliyefyeka majani, aliyepaka mawe chokaa, aliyeufunga upawa wa bati kwa mnyororo baada ya mtalii mmoja kuondoka nao. Alikuwa akipita nyumba hadi nyumba, na nyuma yake akaja Malachy Durkan, jirani wa Bedelia, ambaye mwaka ule alikuwa kibarua wa kuchimba mitaro ya maji ya bomba na hakuwa na haraka ya kurudi kazini.

Bedelia aliwaona wanakata kona. Toss alikuwa amelala mlangoni, jicho linang'aa. Hapakuwa na muda wa kufikiri. Alichana ukanda kwenye taulo la vyombo, akamfunga mbwa kichwani, fundo likatokea juu kati ya masikio.

"Karibuni. Chai ipo."

"Sikuja kunywa chai," alisema Sabina. "Ameondoka."

"Nani?"

"Unauliza nani. Nimekwenda asubuhi kufagia, nimekuta tope. Nimeingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, tope. Kuna mtu amempeleka mnyama pale, Bedelia, nami nitamjua."

"Mimi namshuku Padri," alisema Malachy. "Yule paka wake ana makengeza tangu Pasaka."

"Wewe nyamaza. Watu wanaumwa, wewe unafanya mzaha."

"Sifanyi mzaha, Bi Sabina. Umewahi kumtazama yule paka? Anakutazama wewe na anamtazama aliye nyuma yako."

Sabina hakucheka. Alikuwa anamtazama Toss. "Mbwa wako ana nini?"

"Jicho lake lilelile."

"Mbona hukuwahi kumfunga?"

"Limezidi," alisema Bedelia, na uso ukamwaka moto.

Sabina aliinama, kwa shida ya magoti yake, akamkuna Toss chini ya kidevu. "Pole, mzee," alimwambia mbwa kwa sauti ambayo watu hawakuizoea kwake. "Mambo ya macho si mchezo." Kisha akaenda zake nyumba ya pili, na Bedelia akaketi kwenye kiti akaona afadhali angetukanwa.

Akawa na kazi ya kumfunga na kumfungua. Mtu akionekana barabarani, kitambaa kinarudi kichwani. Toss, aliyekuwa ameanza kuionja dunia ya upande wa kushoto baada ya miezi mitano, alimtazama kwa jicho moja kwa masikitiko makubwa, kisha akaenda kujigonga kwenye ndoo.

Carmel alifika Alhamisi kwa basi la jioni, amekonda, ameshika sanduku mkono mmoja na mtoto mkono wa pili. Josie alikuwa na miaka mitano. Alivaa miwani minene, na kioo kimoja kilikuwa kimezibwa kwa kitambaa cha rangi ya waridi. Hakumtazama bibi yake. Alimtazama mbwa na kitambaa chake kichwani.

"Na yeye ana daktari?" aliuliza.

"Ana bibi yako tu," alisema Carmel.

Josie aliketi chini kwenye sakafu ya mawe na koti lake, akamshika Toss usoni kwa mikono miwili, pua kwa pua, maana hapo ndipo alipoweza kumwona. Tangu saa hiyo hawakuachana. Mtoto alikuwa akitembea mkono mmoja uko mgongoni mwa mbwa, na Toss, ambaye kondoo mia hawakuwahi kumfundisha upole, alikwenda hatua zake zilezile, akisimama kila penye kizingiti mpaka mguu mdogo wa mtoto uvuke.

Carmel aliambiwa habari ya kisima akiwa bado hajamaliza kikombe cha kwanza. Bedelia alimwambia nusu. Alisema kimekauka.

Carmel hakulia. Alikata mkate wa magadi vipande vyembamba, vingi kuliko walivyohitaji. "Mimi siamini sana, mama, unajua. Daktari akisema kitu namwamini daktari. Lakini usiku nikiwa macho nilikuwa najiambia, bado kuna kisima. Nilikuwa nimebaki na hicho tu." Akaweka kisu chini. "Nani kafanya hivyo? Sabina anasema kuna mtu kapeleka mnyama."

Bedelia alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi. Aliona uso wa mwanawe, ambao alikuwa ameusubiri miaka minne, akafunga mdomo, akasema kuni zimepungua, akatoka nje. Alisimama uani akalia kwa hasira, na hasira yote ilikuwa juu yake mwenyewe.

Jumapili ya Sarnat watu walikuja vilevile. Nawasifu kwa hilo. Kisima kikavu, padri aliyewaambia wakae nyumbani wasali rozari, jua kali lisilo la kawaida, wiki tatu hakujanyesha. Na bado walikuja kutoka vijiji vitano, wengine pekupeku kama ilivyo desturi, wakazunguka tope lenye nyufa. Mtu humtembelea mgonjwa hata kama hawezi kuzungumza, na hivyo ndivyo walivyomtembelea Sarnat. Vitambaa vya nadhiri vilining'inia mtini. Sabina alikuwa amepaka chokaa mpya, mawe yanauma macho kwa weupe, na upawa umesuguliwa hadi unang'aa, ingawa hapakuwa na cha kuteka.

Josie alizunguka akimshika Toss mgongoni. Sabina alipotaka kusema kitu juu ya mbwa kuwa karibu na kisima, Malachy alimwambia, "Mwache, Bi Sabina. Atakinajisi kipi, tope?" na Sabina akaacha. Mzunguko wa kwanza, kokoto. Wa pili, kokoto. Katika wa tatu mtoto akasimama ghafla mbele ya sanamu, na watu wa nyuma wakagongana.

"Leo Jumapili," alisema Josie. Akavua miwani, akabandua kitambaa cha waridi, akavaa miwani tena. Daktari wake alikuwa ameagiza jicho lifunikwe siku sita, Jumapili lipumzike. Kisha akapiga magoti kwa Toss. "Na wewe leo Jumapili."

"Josie, hapana," alisema Bedelia. "Mwache huyo."

Fundo lilikuwa bovu, maana lilifungwa na kufunguliwa mara mia. Kitambaa kikaanguka. Josie akainua vidole vitatu mbele ya uso wa mbwa, kama anavyofanyiwa yeye, akavipeleka kushoto polepole. Jicho la Toss likavifuata kushoto, jeusi, safi, halina hata doa. Vikaenda kulia, likavifuata kulia. Toss akavilamba.

"Anaona," alisema Josie. "Bibi, huyu mbona anaona?"

Hapakuhitajika jibu. Kilsarnat nzima ilikuwa imeliona jicho lile likiwa jeupe. Sabina Hession aligeuka, na watu waliokuwa kati yake na Bedelia wakasogea wenyewe.

Bedelia alipiga moyo konde. Hakumtazama Sabina wala watu. Alimtazama yule mwanamke wa jiwe na upawa wake. "Mimi ndiye," alisema. "Nilimwosha kwa mkono wangu. Sikusahau, nilijua. Alikuwa anaumia, nami nilikuwa na maji mkononi. Nikamsomea na maombi yote. Kisha nikaficha, nikamvisha mbwa matambara, nikawaacha mnashukiana. Kama kuna wa kulipa ni mimi. Huyu mtoto hana hili wala lile."

"Ulijua tunakuja," alisema Carmel.

"Nilijua."

"Barua yangu ulikuwa nayo."

"Ilikuwa nyuma ya saa."

Carmel alimvuta Josie kwake. Hakusema neno baya, na Bedelia aliona uso ukijifunga kama ulivyojifunga siku ile ya kupanda meli kwenda Birmingham, akajua kwamba safari hii itakuwa zaidi ya miaka minne.

Sabina ndiye aliyesema mabaya. "Miaka sitini," alisema. "Miaka sitini nafagia hapa. Sijawahi kumruhusu hata kuku. Kapteni alikuwa mgeni, hakuwa na adabu ya kufundishwa. Wewe, Bedelia, ulizaliwa hapa. Mama yako alikuosha hapa."

"Kapteni ni nani?" aliuliza Josie.

Watu walimweleza, wawili watatu kwa pamoja, maana hakuna mtu wa Kilsarnat anayeweza kusikia swali hilo akanyamaza. Farasi kipofu, maji ya watu, Kapteni akapofuka, kisima kikahama. Josie alisikiliza kichwa kikiwa upande mmoja. Alikuwa mtoto wa hospitali, amezoea kuuliza mambo kwa mpangilio.

"Farasi alipona?"

"Alipona."

"Halafu akapofuka tena?"

Watu walitazamana. Hakuna aliyewahi kuliuliza. "La," alisema Malachy. "Farasi aliondoka akiona. Inasemekana alikimbilia mlimani hakushikwa tena."

"Sasa nani alikuwa amemuumiza jicho?"

Wengi hawakujua. Bedelia hakujua. Lakini alimwona Sabina anatazama pembeni, na Sabina alipoona ameonekana alishika mnyororo wa upawa kama mtu anayetafuta pa kushika. Angeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angemlaumu, na nusu saa baadaye wangekuwa wanamsema Bedelia wao kwa wao hadi Krismasi. Lakini huyo ndiye Sabina: alikuwa na ulimi mbaya, na hakuwa na uongo.

"Kapteni mwenyewe," alisema. "Kwa mjeledi. Farasi alikataa kuruka ukuta, akamchapa jicho. Bibi yangu alikuwa akilisema hilo. Kila mara alilisema, nami kila mara nilingojea afike pale pa kisima kuhama. Nimewasimulia watoto habari hii miaka sitini, na hapo pa mjeledi napapita."

"Basi Sarnat alimpofusha Kapteni kwa kuwa alimpiga farasi," alisema Josie, kama mtu anayemalizia hesabu nyepesi. "Si kwa kuwa alimwosha."

Mzee mmoja wa vijiji vya juu alikohoa. Mtu akasema lakini kisima kilihama. Mwingine akasema hata yeye angehama, kuliko kuwa jirani wa Kapteni. Watu walianza kubishana kwa sauti za chini, na ni katika kubishana huko Bedelia alipotazama chini akaona mahali pa Toss ni patupu.

Alimwita mara moja. Alimwita mara ya pili, na mbwa akaja mbio kutoka juu, akipita chini ya waya wa shamba la Kapteni, shamba ambalo kwa miaka mingi halikuwa na Kapteni wala mtu. Alifika katikati ya watu, akajikung'uta. Watu wa mbele wakalowa.

Malachy alijipangusa shavu, akatazama kiganja, akatazama mbingu isiyo na wingu. "Wiki tatu hakujanyesha," alisema.

Toss alikuwa ameloa hadi tumboni.

Walipanda wote. Wazee walishikwa mikono, kina mama walivuka waya kwa sketi zao za Jumapili, wale wa pekupeku wakilalamika juu ya miiba. Toss alikwenda mbele na mkono wa Josie mgongoni mwake, akisimama kila penye jiwe. Juu, nyuma ya zizi la farasi la Kapteni lililobaki kuta mbili na nyasi, palikuwa na bonde dogo ambalo watu hulifahamu kuwa kavu. Sasa maji yalikuwa yanapanda pale kimyakimya kutoka chini ya jiwe, safi kiasi cha kuhesabu changarawe, yameshajaza bakuli la upana wa meza na yanatafuta njia ya kushukia.

"Ni mtaro wetu," alisema Malachy baada ya muda, na kwa mara ya kwanza hakuwa anatania. "Tulichimba pale juu ya barabara wiki mbili zilizopita. Tutakuwa tumekata mshipa wa kisima, maji yakarudi njia ya zamani."

"Nani alikwambia uchimbe pale?" aliuliza Sabina.

"Injinia."

"Na yeye nani alimwambia?"

"Hiyo sasa, Bi Sabina, itabidi umuulize mwenyewe."

Lakini Sabina hakuwa na haja ya kumuuliza mtu. Alikuwa amepanda mlima mzima na upawa mkononi, mnyororo unaburura nyuma yake na kigingi kilichong'oka nao. Alishuka bondeni, akateka, akamwaga upawa wa kwanza ardhini kwa ajili ya Sarnat, akateka tena. Akamnyoshea Josie.

"Njoo, mwanangu. Wewe kwanza."

"Toss kwanza," alisema Josie.

Bedelia alifumba macho. Alisikia kondoo wa mbali, akasikia Malachy anavuta pumzi. Miaka sitini bila kuku. Kisha akasikia magoti ya Sabina Hession yakilia kama ukuni, moja, na la pili, akafumbua macho. Mlinzi wa kisima alikuwa amepiga magoti matopeni na sketi yake nzuri, ameshika taya la mbwa.

"Haya, mzee," alisema Sabina. "Lete jicho." Akaliosha lile lililopona. Akalitazama lile jingine ambalo halikuwahi kuumwa, akaliosha nalo, lisije likaona wivu. Na alipokuwa anaosha, midomo ilikuwa inasema maneno ya macho, yote, hadi amina.

Ndipo akamwosha Josie, mara tatu. Mtoto alipiga chafya, akasema maji ni baridi. Alitazama zizi, akatazama watu, akavaa miwani yake, na hakusema kama anaona zaidi wala kama anaona pungufu, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Daktari wa Oktoba alikuwa bado anamngoja, na hilo wote walilijua.

Watu walipanga mstari. Bedelia alibaki ukingoni, nyuma. Tangu alfajiri ile ya Toss hakuwa amegusa maji ya Sarnat, hata tone, na hakuona kama ana ruhusa. Aliwatazama wakiinama mmoja mmoja, akafurahi kwa ajili yao, akakaa mbali.

Carmel ndiye aliyechukua upawa kwa Sabina. Aliujaza hadi ukingo, akapanda nao kwa hatua ndogo asiumwage, akamfikia mama yake.

"Vua miwani, mama."

"Carmel, mimi si wa leo. Mwakani, Mungu akipenda."

"Mwakani nitakuja tena, nitakuosha tena. Vua."

Bedelia alivua. Mwanawe alimshika kidevu kama alivyoshikwa yeye alipokuwa mdogo, akamwagia jicho la kulia, akamwagia la kushoto, na maneno aliyasahau katikati, ikabidi mama mtu amkumbushe huku maji yanamwingia mdomoni. Wakayamaliza pamoja.